Shika Kabureta Mwisho

Jumatatu moja gari lililetwa kwenye karakana yangu ya Kariobangi likiwa limebebwa na lori. Datsun 240Z ya 1972, rangi ya chungwa, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Vijana wangu wote waliacha spana. Wengi wao hawajawahi kuona injini ambayo ukiinama unaona ardhi upande wa chini. Mwenye gari, daktari wa meno aliyestaafu, alishuka amekumbatia boksi kama amebeba mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na kabureta mbili mpya, vyombo vya kuchanganya petroli na hewa, alizoagiza ng'ambo.

"Fundi, nifungie hizi tu."

"Linaumwa nini, Daktari?"

"Kabureta."

"Hiyo ni dawa. Mimi nimeuliza ugonjwa."

Ndipo akaeleza. Gari linawaka vizuri asubuhi. Likisimama linaunguruma taratibu bila shida. Lakini akiwa Waiyaki Way, mwendo wa kilomita 60 au 70, mguu umegusa mafuta kidogo tu, linaanza kumisi, yaani injini kuruka mipigo, na kutetemeka kana kwamba linataka kuzima. Akikanyaga mafuta hadi mwisho, linapona papo hapo na kuruka mbele. Mafundi watatu walikuwa wamelitazama, na wote watatu walifungua kabureta. Ilionekana, maana skrubu zake zilikuwa zimekwanguliwa hadi bisibisi haishiki.

Nikamwuliza kama wagonjwa wake walikuwa wakimwonyesha jino sahihi. Akafikiri, akacheka mwenyewe. Kuna watu, akasema, wanaapa kwamba ni jino la juu, kumbe lililooza liko chini. Basi tukaelewana. Boksi nikaliweka juu ya kabati.

Ninayoandika hapa ndiyo njia niliyopita na gari lile, na ndiyo njia niliyofundishwa mwaka 1984 nikiwa kijana wa kuosha spana katika gereji moja ya Kirinyaga Road, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Grogan. Ukiwa na MGB, Alfa ya zamani, Escort au gari lolote la pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke) na kabureta, njia ni hiyo hiyo. Utabadilisha vipimo tu. Z natumia kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu, na kwa sababu ina heshima yake hapa kwetu: ilishinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews. Injini yake ni L24, silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili. Haina kompyuta ya kuchomeka mashine ikuambie kosa.

Uliza kabla ya kufungua boneti

Shida huja injini ikiwa baridi au moto? Ilianza ghafla, au imekuwa ikiongezeka miezi na miezi? Waya hukatika ghafla; valvu na ringi huchakaa polepole. Inazidi mvua ikinyesha? Na swali ambalo wenye magari hawapendi kulijibu: nani alilishika mara ya mwisho, na alifanya nini? Magonjwa mengi niliyoyaona yalizaliwa siku moja baada ya gari kutoka kwa fundi.

Moshi nao unasema. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni petroli nyingi. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya radieta yanaingia kwenye silinda. Ule mvuke mweupe wa asubuhi ya Julai usikuhangaishe. Hata wewe mwenyewe unautoa puani.

Kisha panda gari. Usikubali kuhadithiwa tu. Nilimwambia Daktari ashike usukani, nikakaa kiti cha abiria, tukatoka hadi Outer Ring Road palipokuwa na nafasi ya kukimbia kidogo. Sikiliza mpigo wa misi. Ikija kwa mpangilio, kama mtu anayechechemea mguu mmoja, tafuta kwenye silinda moja: plagi yake, waya wake, valvu yake. Ikija ovyo ovyo, bila mpango, tafuta kitu kinachohudumia silinda zote: koili (inayoongeza nguvu ya umeme wa cheche), pointi, petroli. Yetu ilikuwa ya ovyo.

Halafu nikaona jambo ambalo Daktari hakuwahi kulitazama. Kwenye 240Z, umeme wa kwenda kwenye koili hupitia kwanza nyuma ya geji ya mizunguko ya injini. Kwa hiyo geji ile ni shahidi. Petroli ikikosekana, sindano hushuka polepole pamoja na injini. Umeme ukikatika, sindano huanguka ghafla hata kama magurudumu bado yanaizungusha injini. Kila gari lilipomisi, sindano ilidondoka kama imepigwa kofi, kisha ikarudi. Nikanyamaza. Shahidi mmoja hatoshi, na mwenye gari akisikia jibu mapema hukunyima muda wa kupima mengine.

Plagi zikae kwa foleni yake

Toa plagi zote na uzipange kwenye ubao ulioandikwa 1 hadi 6, namba 1 ikiwa ile ya upande wa radieta. Ukizitupa ndani ya kopo moja, umechoma barua kabla ya kuisoma. Usizitoe baada ya gari kuunguruma uani nusu saa; liendeshe kwanza, zima injini ukiwa kwenye mwendo, liache lijiburute hadi kando ya barabara mahali salama, ndipo utoe.

Rangi ya chai ya maziwa ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au cheche dhaifu. Weusi unaong'aa kwa mafuta ni oili inayopita kwenye ringi au sili za valvu. Nyeupe yenye vipele ni joto la kupita kiasi: petroli haitoshi au taimingi, yaani wakati wa cheche, iko mbele mno. Kwenye Z kabureta ya mbele hulisha silinda 1, 2 na 3, ya nyuma 4, 5 na 6. Plagi tatu za mbele zikiwa nyeusi na za nyuma ziko safi, hapo una sababu ya kuitazama kabureta ya mbele. Zetu zote sita zilifanana: zimepakwa masizi kidogo tu.

Masizi hayo ndiyo yaliyowadanganya wenzangu watatu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi karibu kwa moja ya tano kuliko Mombasa. Kabureta haijui imepandishwa mlima. Inaendelea kutoa petroli karibu ile ile kwa hewa iliyopungua. Kabureta iliyopangwa kwa kufuata kitabu neno kwa neno itapaka plagi masizi hapa hata ikiwa nzima kabisa.

Namba za kitabu ni za pwani

Hili nalirudia kwa sababu nimeona injini njema zikifunguliwa bure. Kuna mteja aliyekuja kwangu na karatasi ya gereji nyingine, injini yake imeshahukumiwa kufunguliwa yote, kubadilishwa pistoni na ringi. Ushahidi: kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda, PSI 135 mahali kitabu kinataka 170. Nikapima, nikapata 135 kweli, silinda zote. Injini ile bado inatembea leo na ringi zake zile zile.

Namna ya kupima: injini iwe na moto, betri imejaa, plagi zote nje, waya wa koili umechomolewa, na mtu ndani ya gari akanyage mafuta hadi sakafuni ili hewa iingie. Piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Injini inayotoa 170 ufukweni itatoa karibu 140 hapa Nairobi, na haina kosa. Usitazame namba peke yake, tazama zinavyolingana. Silinda ya chini isishuke chini ya asilimia 80 ya ile ya juu. Ikiwa moja imeshuka, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Na zikishuka mbili zilizo jirani, gasketi imefunguka katikati yao, usihangaike na mengine.

Gari la Daktari lilitoa kati ya 135 na 141. Injini nzima.

Geji ya vakyumu, ya kupima mvuto wa hewa ndani ya injini, nayo ni hivyo hivyo. Wanaosoma vitabu husubiri inchi 18 hadi 20, wakiona 14 wanaanza kutafuta panapovuja. Hapa 14 ni nzuri, mradi sindano imetulia. Sindano inayotikisika kwa mpigo ule ule ni valvu isiyofunga vizuri. Kabla ya kuilaumu, pima nafasi za valvu. L24 ikiwa baridi hutaka milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.25 upande wa kutoa. Na usifurahie valvu zilizo kimya sana. Inayogonga kidogo inakusumbua masikio, ila iliyobana inaungua polepole bila kukuambia.

Umeme

Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi, na ndipo wengi hupita mbio kwa sababu umeme hauonekani na petroli inanuka.

Anza na betri na nyaya zake, hasa ule wa kwenda bodi na injini. Ukutu wa kijani chini ya boli moja unaweza kukupotezea wiki nzima.

Gari likiwaka unapopiga stata kisha likazima unapoachia ufunguo, usiguse kitu kingine kabla ya kutazama rezista ndogo ya kauri inayokaa na koili. Wakati wa stata umeme huipita pembeni ili koili ipate nguvu zaidi. Ufunguo ukirudi, umeme hupita ndani yake. Ikikatika, injini inaishi kwa muda ule tu wa stata. Nimelipwa mara nyingi kwa kazi hii ya dakika kumi, nikaona haya kutaja bei.

Fungua kofia ya distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Ipanguse, itazame ndani kwa tochi: mstari mwembamba mweusi, kama unywele uliogandiana na plastiki, ni njia ambayo umeme umejichongea kwenda mahali pasipofaa. Tazama rota, kile kidole kinachozunguka humo ndani, kama imepasuka. Zungusha injini hadi kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya shafti, upime kwa fila geji: milimita 0.45 hadi 0.55. Plagi zenyewe ni 0.8 hadi 0.9. Pointi zikiwa zimeungua na kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, shaka kondensa, kile kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue. Kondensa mbovu hupenda kujificha hadi ipate joto, kwa hiyo ukiipima asubuhi itakudanganya. Mimi huhifadhi za zamani zilizothibitika kwenye kopo la kahawa, maana katika mpya ninazouziwa siku hizi nyingine hufa kabla ya risiti kufifia.

Nyaya za plagi zikaguliwe usiku, boneti wazi, taa zote zimezimwa. Zenye kuvuja zitajionyesha kwa cheche za bluu. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, na rota huzunguka kinyume cha saa. Ukitaka kujua silinda iliyolala, chomoa waya mmoja mmoja injini ikiunguruma, kwa koleo yenye mpini wa mpira na mkono mkavu. Ambao ukichomolewa injini haibadiliki ndio wa silinda iliyolala.

Kwenye gari la Daktari haya yote yalikuwa mazuri. Hapo ndipo niliporudi kwenye maneno yake mwenyewe: linamisi mguu ukiwa mwepesi, linapona mguu ukizama. Ni kitu gani ndani ya injini kinachofanya kazi mguu ukiwa mwepesi na kulala mguu ukizama? Ni vakyumu. Kando ya distributa kuna kopo dogo la bati lenye mpira unaotoka kwenye kabureta. Ukigusa mafuta kidogo, vakyumu huvuta kopo lile, nalo huzungusha sahani iliyobeba pointi ili cheche ije mapema. Ukikanyaga hadi mwisho, vakyumu hupotea na sahani hurudi mahali pake. Gari likiwa limesimama, mpira ule haupati mvuto wowote wa maana. Ugonjwa ulikuwa unafuata sahani.

Nikachomoa mpira upande wa kabureta, injini ikiunguruma, nikauweka mdomoni na kuufyonza. Injini ikazima. Nikaachia, nikamwomba kijana awashe tena, ikawaka. Nikafyonza, ikazima. Daktari alisogea karibu, miwani imeshuka puani, akasema, "Fundi, unalinyonya uhai." Tukafanya mara tatu, ya tatu akafyonza yeye mwenyewe.

Ndani ya distributa kuna waya mwembamba unaotoka ukutani kwenda kwenye pointi. Hukunjwa na kukunjuliwa kila sahani inapozunguka, na huu ulikuwa umefanya hivyo miaka 50. Nje ulionekana mzima. Nikaushika kwa vidole viwili nikauvuta: ganda likarefuka kama mpira wa manati, ndani shaba zimeachana. Zikigusana gari linatembea. Sahani ikivutwa, zinaachana. Nikauunganishia mwingine laini wenye nyuzi nyingi, urefu wa kidole. Usitumie waya mgumu wa nyumba hata kama ndio ulio karibu. Utavunjika upya.

Kama huna ujasiri wa kufyonza mpira, uchomoe, uzibe tundu la upande wa kabureta kwa skrubu, uende nalo barabarani. Misi ikipotea, umepata jibu bila kufungua chochote.

Petroli na hewa

Umeme ukiwa safi na shida bado ipo, ndipo uende kwenye petroli. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta ya kwanza, uelekeze ndani ya chupa, chomoa waya wa koili, piga stata. Itoke kwa mishindo yenye nguvu. Ikitoka kwa kusinzia, tazama filta, kisha tanki. Gari lililokaa uani miaka mingi huwa na kutu ndani ya tanki nyekundu kama udongo wa Thika. Legeza kifuniko cha tanki usikie: kikifyonza hewa kwa nguvu na gari likapona, tundu lake la kupumua limeziba. Nusa petroli yenyewe. Iliyochanganywa na mafuta ya taa hujitangaza. Na wakati wote huu uwe na kizimamoto karibu, wala usimruhusu mwenye sigara aje kushangaa.

Z ina udhaifu wake mmoja wa foleni. Manifoldi, yaani mabomba, ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi ziko upande mmoja, kabureta zimekaa juu ya moto. Ukikwama nusu saa, petroli huchemka ndani ya bakuli zake, na kwenye mwinuko huu huchemka upesi zaidi. Gari likizima kwenye foleni kisha likawaka baada ya kupoa na boneti kufunguliwa, hicho ndicho kisa. Rudisha ile ngao ya joto ambayo mtu aliitoa akaona haina kazi.

Hewa inayovuja kwenye gasketi za manifoldi mimi huitafuta kwa maji ya chupa ya kupulizia. Mlio wa injini ukibadilika, umepata mahali.

Sasa kabureta

Ukifika hapa na gari bado linaumwa, karibu. Fungua kwanza kofia ndogo nyeusi za juu utazame oili; kabureta hizi zikikosa oili hapo, gari husita kila unapokanyaga, na watu hufungua kila kitu kwa ajili ya matone machache. Kisha inua pistoni ya kabureta milimita moja tu injini ikiunguruma. Mizunguko ikipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo. Ikipanda kidogo na kutulia, acha. Nati ya chini ndiyo ya kurekebisha: kuipandisha hupunguza petroli, kuishusha huiongeza.

Kwa Daktari nilizipandisha zote mbili nusu mzunguko kwa sababu ya yale masizi, basi. Tukaenda naye hadi Limuru na kurudi, mguu mwepesi njia nzima, sindano ya mizunguko imetulia kama imechorwa. Boksi alilichukua. Akaniambia anataka kuteremka na gari Mombasa mwezi wa Desemba, nikamwonyesha nati zile na kumwekea alama ya rangi: akifika Voi ashushe zote mbili nusu mzunguko, na akirudi Nairobi azipandishe hadi kwenye alama. Nikamwandikia kwa chokaa upande wa ndani wa boneti, kwa herufi kubwa, maana miwani huwa anaisahau.